Ukikaa Kumwandikia Mzazi

Mwanangu, umeniandikia kwamba umepewa kufundisha Gredi ya 7 na kwamba mwalimu mkuu anataka taarifa ya wazazi iwe tayari kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula. Ukaniomba barua ya mfano. Hiyo sikupi. Barua ya mfano hunakiliwa ikabadilishwa jina tu, na wazazi wakikutana dukani wakalinganisha karatasi zao, wanagundua kwamba watoto wao wote ni "wenye bidii ila waongeze juhudi". Tangu siku hiyo hakuna atakayesoma barua yako tena.

Kwanza mjue unayemwandikia. Wazazi wengi wa darasa lako walipitia mfumo wa zamani wa 8-4-4, na swali walilorithi ni moja lenye mikono miwili: amepata ngapi, amekuwa wa ngapi? KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilihesabiwa juu ya alama 500, na nafasi ilihesabiwa juu ya darasa zima. Hata nyanya asiyejua kusoma alielewa kwamba wa tatu kati ya hamsini ni mtoto wa kuchinjiwa kuku. Mpango ule ulikuwa na ukatili wake, kwa kuwa wa hamsini naye alikuwa na mama aliyekuja mkutanoni akakaa nyuma kabisa. Lakini ulieleweka. Mtihani huo ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mwaka huohuo kundi la kwanza la mtaala wa umilisi likaanza Gredi ya 7. Namba zikageuka herufi: EE, ME, AE, BE. Kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, kuwa mbali nayo. Baba anapewa karatasi yenye ME sita na AE tatu, anaizungusha mkononi, kisha anamwuliza jirani, "Hii ME ni kupita au ni kufeli?"

Basi kazi yako ni kumjibu huyo baba kabla hajamfikia jirani.

Herufi ziache zikae kwenye fomu ya tathmini, maana zinatakiwa na wakubwa wako. Kwenye barua andika jambo ambalo mzazi anaweza kulipima mwenyewe nyumbani. Ukiandika "anakaribia matarajio katika Hisabati", mama afanye nini nalo? Andika hivi: "Asilimia anaijua akiandikiwa hesabu tupu. Akipewa swali la maneno, anaokota namba anazoziona na kuzijumlisha bila kujiuliza swali linataka nini. Jioni mwulizeni: kitu cha shilingi 250 kikipunguzwa bei kwa asilimia 20, nikitoa mia tatu nirudishiwe ngapi? Msimpe kalamu kwanza, aeleze kwa mdomo." Na jibu liweke hapo chini, shilingi 100, ili baba asije akaaibika mbele ya mwanawe.

Kwa lugha fanya vivyo hivyo. Kuna mtoto anayesoma kwa sauti nzuri hadi wageni wakampigia makofi, lakini ukimwuliza aya ilihusu nini anakurudishia sentensi ya mwisho kama ilivyo. Mzazi wake anamsikia kila usiku na kujisifu kwamba kusoma kumeiva. Mwambie ukweli huo kwa upole, na umpe la kufanya: mtoto akimaliza ukurasa, afunge kitabu asimulie. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kazi hiyo sawasawa na mwenye digrii, na pengine zaidi, kwa kuwa yeye ana hamu ya kweli ya kujua hadithi inakwenda wapi.

Usiandike juu ya kila somo. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ilianza na masomo mengi mno, yakapunguzwa hadi tisa, na hayo tisa bado ni mengi kwa ukurasa mmoja. Chagua moja ambalo mtoto analiweza, ulitaje kwa jambo alilolifanya, na moja linalomlemea. Waombe wenzako wa masomo mengine sentensi moja moja. Wengine watakuandikia "amejaribu"; warudishie uwaulize amejaribu nini. Nawe kama umepewa Sayansi ilhali ulisomea Historia, jambo la kawaida siku hizi kwenye shule hizi, usijifiche nyuma ya maneno makubwa ya kitabu. Andika ulichokiona mtoto akikifanya.

Halafu kuna suala la matarajio, na hapa vijana wengi mnateleza kwa kudhani kwamba matarajio ni orodha ya vitu vya kununua. Manila, gundi, picha za kuchapisha kwa saiba, yote ya kesho asubuhi. Mtoto anakumbuka saa mbili usiku, mama anatoka na tochi ya simu kubisha duka la jirani. Ndipo lawama inapozaliwa kwamba mtaala huu unawasomesha wazazi. Mtaala wenyewe unamtaka mzazi ashirikishwe, hilo limo kwenye misingi yake. Haukusema ashirikishwe kwa kufilisiwa. Ukiwa na mradi, mpe taarifa wiki moja kabla, sema lengo la mradi ni nini, na useme wazi kwamba gunia kuukuu, kifuu cha nazi na katoni ya sabuni vinatosha. Wakikuuliza fedha za serikali zinakwenda wapi, usibabaike: mgao wa sekondari msingi uliotangazwa ni shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na maswali ya matumizi yana kikao chake, bodi ya usimamizi na chama cha wazazi. Usijigeuze mhasibu wa shule.

Matarajio yenye maana ni machache. Mtoto aje kila siku na afike kengele haijalia. Apate mahali na muda wa kusoma, japo nusu saa sebuleni runinga ikiwa imezimwa. Asifanyiwe kazi yake. Hilo la mwisho lisisitize, kwa sababu utaletewa mizinga ya nyuki iliyopigwa randa na fundi seremala na kupakwa vanishi, na mwenye mradi hajui msumari ulipo. Usimpe EE kwa mkono wa fundi.

Usiche kuwaeleza habari ya mtihani, ila waeleze mapema. Kundi la kwanza la Gredi ya 9 lilifanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, na wazazi wengi bado wanadhani kila kitu kinaamuliwa siku ile. Waoneshe hesabu: mtihani wa Gredi ya 9 unachukua asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zinachukua 20, na 20 nyingine ilishachumwa Gredi ya 6 kwenye tathmini ya KPSEA. Maana yake, mtoto uliye naye leo ameshaanza kuandika matokeo yake ya kuingia sekondari pevu. Mzazi anayesikia habari hii Gredi ya 9 ana haki ya kukuuliza ulikuwa wapi. Na mbele yake kuna njia tatu za kuchagua, ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Mtoto anayechora pambizoni mwa kila daftari asitajwe barua nzima kama mkaidi.

Mkutano ukiuitisha, angalia kalenda ya mtaa kuliko ya ofisi. Pwani hapa, ukiuweka Ijumaa saa saba mchana umejiitia viti. Ukiuweka siku ya soko utapata akina baba wawili waliostaafu. Wavuvi wana hesabu zao za maji, waulize. Barua mpe mtoto, lakini mkutanoni isome kwa sauti, kwa Kiswahili ambacho nyanya aliyeachiwa wajukuu atakifuata. Wengi utakaowakuta hapo si wazazi waliozaa, ni walezi, kwa hiyo usianze na "baba na mama wa mtoto" ukamchoma shangazi aliyemlea tangu utotoni.

Mambo ya mtoto mmoja yazungumzeni kando. Nimeona kwenye kundi la WhatsApp la wazazi orodha nzima ya darasa, majina na herufi, imetumwa na mwalimu saa nne usiku, na asubuhi mtoto wa mwisho hakuja shule. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inamlinda mtoto hata akiwa na miaka kumi na miwili, na hata ingekuwa haipo, hilo si jambo la kufanya. Kundi liwe la tarehe, sare na mvua ikikatisha barabara. Wakianza siasa au kutumiana dua na dawa za kienyeji, nyamaza, usiwe mwamuzi.

Atakuja siku moja mzazi amekunja uso, anataka umwambie mbele ya mtoto kwamba mtoto ni mvivu, na pengine anataka umpe ruhusa ya fimbo. Fimbo shuleni ilikatazwa na sheria ya elimu ya mwaka 2013, na wewe usiwe wa kuiagiza nyumbani. Mkaribishe akae. Mpe daftari la mtoto mkononi, lenye makosa na masahihisho yake, muache alifungue mwenyewe kimya. Kisha mwombe mtoto aeleze, si wewe. Mara nyingi baba hajaliona daftari hilo tangu alinunue. Akiuliza swali, mjibu lile aliloliuliza tu, na mkiachana akuahidi jambo moja na wewe umwahidi moja, yaandikwe.

Na usisubiri ubaya ndipo upige simu. Wazazi wetu wakiona namba ya shule moyo unawapasuka, kwa sababu hatujawahi kuwapigia kwa heri. Chagua watoto wawili watatu kila wiki, dakika mbili mbili, umwambie mlezi jambo jema ulilolishuhudia. Anza na wale unaodhani utakuja kugombana nao, na uanze wiki hii, barua haijatoka bado.