Baada ya Mafuta na Divai

Andiko la wiki: Luka 10:25–37



Kijana mmoja wa kanisa letu aliniuliza hivi juzi: "Mtu akivamiwa na majambazi, mimi sikumpiga, sikumwibia, na wala simjui. Sasa deni langu linatoka wapi?" Wengine wangemkemea. Mimi nilifurahi, kwa sababu hilo ni swali la yule mwanasheria wa Luka 10. Naye alitaka kujua mpaka uko wapi: jirani anaishia nyumba gani, ili baada ya hapo mtu awe huru kupita.

Hebu tulijibu polepole.

Jeraha la kushambuliwa si kama ugonjwa. Malaria haimchukii mtu. Anayeugua malaria hulala akijua kwamba duniani kuna mbu. Aliyekatwa panga hulala akijua kwamba duniani kuna watu. Ndiyo maana utamkuta mtu mshono umeshafunga, hospitali imemruhusu, lakini pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yake, jasho linamtoka. Ana majeraha mawili. Daktari ameshona moja. La pili liko pale ambapo zamani palikuwa na imani kwa wanadamu.

Hilo la pili, mama mzazi hawezi kuliponya peke yake. Mgonjwa hakuwahi kuwa na shaka na mamake. Shaka yake ni juu ya watu asiowajua, maana asiyemjua ndiye aliyemwumiza. Basi asiyemjua ndiye anayehitajika. Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Kama yule mtu angeokotwa na kaka yake, mwili ungepona, lakini angeendelea kumwogopa kila mpita njia wa Yeriko. Fikiria anaamka katika nyumba ya wageni, anauliza nani alimleta, anaambiwa ni Msamaria!

Sisi Wakenya tumeliona jambo hili. Novemba 2014, abiria 28 wasio Waislamu walitolewa kwenye basi kule Mandera wakauawa. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, basi lingine lilivamiwa karibu na El Wak. Washambuliaji wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Akina mama wakawapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa kati ya waliokataa, akapigwa risasi. Alilazwa Nairobi na kufariki Januari 2016, akaacha mke na watoto. Tusiipite habari hii haraka. Bwana Yesu alipotaka kuwafundisha wasikilizaji wake upendo, hakumchagua mtu wa dhehebu lao.

Sasa nirudi kwa deni. Ni kweli, kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu. Lakini majambazi walikuwa wameandika neno juu ya mwili wake: huyu si kitu. Kila aliyepita upande wa pili alitia sahihi chini ya neno hilo. Mbele ya mtu anayevuja damu hakuna kunyamaza tu. Ama unakubaliana na aliyempiga, ama unampinga. Deni letu halitokani na kosa tulilofanya. Linatokana na kuwa tumefika hapo, tumeona, na mikono yetu ni mizima.

Mtu ataniambia, "Mchungaji, siku hizi wengine hujilaza barabarani kama chambo." Ni kweli, na hata barabara ya Yeriko ilikuwa na hatari. Imani haikukatazi kutumia akili. Simamisha mwenzako, piga simu, ita watu. Msamaria mwenyewe hakubeba mzigo wote peke yake. Alimtafuta mwenye nyumba ya wageni.

Huyo mwenye nyumba ya wageni ndiye tunayemsahau tunapohubiri. Hana jina, hana sifa. Msamaria alimwachia dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Baada ya hapo nani alibadilisha bandeji? Nani alikaa naye usiku alipopiga kelele ndotoni? Mafuta na divai ni kazi ya saa moja. Nyumba ya wageni ni kazi ya miezi.

Kumbukeni Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakaumia. Wengi walikimbilia madirishani waliposikia mlio wa kwanza, kisha mlipuko mkubwa ukawapiga vioo machoni. Siku ile Wakenya walikuwa Wasamaria wema. Walichimba vifusi kwa mikono, matatu na magari ya watu binafsi yakabeba majeruhi, na foleni za kutoa damu zikawa ndefu. Hakuna aliyeuliza damu yake itaingia kabila gani. Lakini foleni ya damu huisha, na upofu hauishi. Aliyepoteza macho siku ile ilimbidi ajifunze upya kutembea, kusoma kwa vidole na kutafuta riziki, mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo swali la jirani linapokuwa gumu.

Kanisa, nawaambia kwa upendo, sisi tumeitwa kuwa ile nyumba ya wageni. Harambee ya bili ya hospitali ni nzuri, tuendelee nayo. Lakini mtu aliyeshambuliwa ana mahitaji mengine. Anahitaji wa kumsindikiza polisi kuchukua fomu ya P3, na kwenda naye kortini kesi inapoahirishwa mara ya nne. Anahitaji wa kutembea naye jioni njia ile ile aliyovamiwa, hadi miguu yake iizoee tena. Anahitaji mtu wa kumfungulia kibanda chake asipoteze wateja. Na tafadhali, tusiwe na haraka ya kumwambia asamehe kabla hajaweza hata kuketi. Msamaha ni amri ya Bwana, na wakati wake utafika. Lakini Msamaria hakumhubiria yule mtu pale barabarani. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, naye akatembea kwa miguu.

Wiki hii, kila ushirika wa nyumbani umtafute mtu mmoja aliyeumizwa zamani, ambaye michango yake ilikwisha na simu zikanyamaza. Msiende na maneno mengi. Nendeni na unga, kaeni, mwulizeni anaendeleaje, kisha mwambieni siku mtakayorudi. Na siku hiyo ikifika, mrudi.

Mungu awabariki.