Kipimo cha Ubeti na Shaka ya Mwombaji

Swali la iwapo hisia ya shairi hukaa katika maneno yake au katika kipimo chake huwa zito zaidi shairi linapokuwa dua, kwa kuwa mwombaji anayeipanga shaka yake kwa hesabu kamili anafanya mambo mawili yasiyoelekea kupatana. Ubeti ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, unamweka msemaji wake Machakos, huko Ukambani, ambako mkulima hutegemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba:

Wingu liko milimani, lapita twalitazama,
Mbegu zimo kibuyuni, na jembe limeegama,
Mola tuko mlangoni, twangoja yako huruma,
Mvua itashuka lini, nasi tungali wazima?

Umbo lake ni tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, ambazo ni silabi zilizogawanywa nane katika ukwapi, kipande cha kwanza, na nane katika utao, kipande cha pili, na vina vyake ni -ni na -ma. Sheria za utunzi alizozieleza mshairi Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954 zimetimizwa, hata kwa gharama ya kupindua sarufi katika "yako huruma". Toni, yaani msimamo wa msemaji kwa anayemwambia, ni ya unyenyekevu hadi mshororo wa nne, ambapo ukwapi unauliza wakati na utao unaligeuza swali hilo kuwa la mauti, bila silabi hata moja kupungua.

Kuuliza "lini" kuhusu mvua kuna uzito wa pekee hapa: John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Ukambani, alidai mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo, isipokuwa matukio yanayofuata mwendo wa maumbile, kama vile misimu, ambayo kuja kwake hakuna shaka. Dai hilo limepingwa sana, na kwa haki. Lakini likichukuliwa kwa Wakamba wenyewe, linaonyesha kwa nini ukame ni msiba wa kiimani na si wa chakula tu, kwani kilichokosa kurejea ni kile kilichodhaniwa hakikosi. Hapo ndipo mizani inapofanya kazi ambayo maneno hayawezi: kina kinarejea mahali pake kila silabi ya nane, ingawa vuli haikurejea, na msemaji anayelalamika kwa midomo angali anategemea marejeo kwa pumzi yake. Mtungo huru, usiofungwa na vina wala mizani, ambao Euphrase Kezilahabi aliutetea kwa ustadi katika diwani yake Kichomi (1974), ungeibeba lawama hii vizuri, pengine kwa ukali zaidi, ila usingeweza kubeba tegemeo hilo lisilotamkwa.