Atakayekula Si Aliyepanda

Kumbukumbu la Torati sura ya 28 ina orodha ndefu ya laana, na mojawapo inamgusa mtu wa shamba moja kwa moja: kupanda mizabibu na usionje zabibu zake. Katika Injili ya Yohana, sura ya 4, Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba wanavuna jasho la wengine, na kwamba aliyepanda na anayevuna watafurahi pamoja. Jambo ni lile lile: mmoja amepanda, mwingine anakula. Kule ni laana, huku ni sherehe. Nimeimba kwaya tangu usichana, kwetu Fizi, Kivu ya Kusini nchini Kongo, na sasa hapa Uganda, na mahubiri juu ya kila moja ya sura hizi nimeyasikia hadi nimeyakariri. Mhubiri aliyezisoma zote mbili siku moja bado sijamwona. Labda anaogopa maswali.

Kiwanja changu kiko Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mita 30 kwa 30, nyumba na choo humo humo. Huku tuko karibu kabisa na ikweta, hatuna majira ya kuchipua wanayoyasubiri ndugu zetu waliopelekwa Marekani, wanaotutumia picha za theluji mwezi wa tatu na kuuliza kama na sisi tunasikia baridi. Sisi tuna mvua ya Machi na mvua ya Septemba, na kati yake kiangazi kinachogeuza wilaya yote ya Isingiro kuwa vumbi. Mvua ya Machi ikishanyesha mara mbili tatu na ardhi ikanywa, natia maharagwe ya Nambale na mahindi ya Longe 5. Longe 5 naipenda kwa sababu mbegu yake naweza kuiweka mwenyewe, nikaning'iniza magunzi juu ya moshi wa jikoni. Mahindi chotara yanazaa vizuri, lakini msimu ukifika unarudi dukani kama aliyeachika. Pembeni kuna muhogo, na huo naulima kwa ajili ya majani zaidi ya mizizi, maana mtu wa Kivu bila sombe hajala. Lenga-lenga, ambayo Waganda wanaiita dodo, siipandi hata kidogo. Inajiotea palipomwagwa maji ya kuoshea vyombo.

Na kuna mparachichi. Sikuupanda mimi. Nilipooneshwa kiwanja ulikuwepo, mnene, umepinda upande wa Ziwa Nakivale. Nakivale ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda. Wengi wao walirudi kwao 1994. Wazee wa hapa husema miti mikubwa kama huu ni ya watu hao. Kwa hiyo mtu nisiyemjua jina, ambaye pengine alizeeka akisikia redio ya Kigali na kusema mwaka ujao, mwaka ujao, alichimba shimo, akatia mbegu, akaimwagia maji. Leo nachuma mimi, na watoto wangu wanakula mkate na parachichi kabla ya shule.

Kule Fizi niliacha michikichi na shamba la migomba karibu na Ziwa Tanganyika. Michikichi haifi upesi. Mtu anakata mikungu yake, anakamua mawese, anauza. Nikila parachichi niko kwenye Yohana. Nikiikumbuka michikichi niko kwenye Kumbukumbu la Torati, na sitaki mtu yeyote aniambie nifurahi pamoja na anayevuna.

Nimelizungusha jambo hili kichwani misimu mingi, jembe likiwa mkononi, na hapa ndipo nimefika: mwingine kula ulichopanda si laana. Kila mwenye watoto anapanda kwa ajili ya midomo mingine. Laana ni ile bunduki iliyokuondoa. Kwa hiyo anayekula ana deni la kuuliza swali moja kabla ya kushukuru: aliyepanda aliondokaje? Aliyepanda mparachichi wangu aliondoka kwa sababu njia ya nyumbani ilifunguka. Nashukuru na kumeza. Anayekamua mawese yangu akijiuliza swali hilo, natumaini yanamkaa kooni.

Jirani yangu, mzee Mwislamu kutoka Buyenzi ya Bujumbura, anaona nalichimba sana jambo hili. Yeye ana hadithi ya Mtume kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda, na aupande. "Umeona, mama? Hapo hakuna mavuno kabisa. Hakuna wa kula. Bado unaambiwa panda." Nikamwuliza mbona basi yeye analima sukuma wiki kwenye magunia tu, vitu vya kuhamishika. Akacheka. "Kiyama bado, mama. Kesi yangu ndiyo iko karibu."

Kesi ni neno zito Nakivale. Aliye na kesi ya kupelekwa nchi ya tatu anaishi kama abiria. Hapandi muhogo kwa sababu muhogo unataka mwaka. Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kulikuwa na watu waliokwisha gawa masufuria na majembe. Mvua ya Machi ikawakuta wanaomba mbegu kwa wale wale waliowagawia. Niliwapa, lakini moyoni niliwasema: ungetia hata maharagwe, bwana, maharagwe ni miezi mitatu tu! Halafu nikajirudi. Kupanda ni kukubali kwamba utakuwepo, na kuna watu ambao kukubali hivyo kunawaumiza kuliko njaa. Tena njaa si maneno: tangu 2023 msaada wa chakula unagawiwa kwa makundi, na wengi wamepunguziwa au kutolewa kabisa.

Mwaka huo huo wa 2025 niliamua kuongeza mti wangu mwenyewe, nikapanda teksi kwenda Mbarara kutafuta mche. Mama aliyekuwa akiuza miche kando ya barabara alijua kwa Kiswahili changu ninakotoka. Akaniambia, bila ukali, kwamba baba yake alikuwa akinywesha ng'ombe Ziwa Nakivale. "Sasa nyabo, mkienda, mti utakuwa wa nani?"

Swali langu limenirudia. Nilikuwa nimelielekeza kwa mwizi wa michikichi na kwa Mnyarwanda wa mparachichi, wala sikufikiria kwamba kuna aliyeondoka kabla yao wote, bila kupanda kitu, ng'ombe wake wakiwa mbele. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 na kanuni zake za 2010 zinanipa haki ya kutumia ardhi, si kuiuza wala kuikodisha. Hiyo ni haki ya serikali. Mambo ya Walawi 25 inakwenda mbali zaidi: ardhi ni ya Mungu, na hata Waisraeli waliopewa ni wageni juu yake. Nilimwambia hivyo yule mama. Akanitazama vile mtu anavyomtazama mteja anayetafuta kupunguziwa bei. Alikuwa na haki. Ni rahisi kusema ardhi ni ya Mungu ukiwa wewe ndiye unayeilima.

Alikuwa na miche ya mbegu, ya bei rahisi, inayochukua miaka mingi kuzaa, na iliyobebeshwa, ghali, inayoweza kuanza mwaka wa tatu. Mtu mcha Mungu angechukua ya mbegu na kuwaachia wajao. Nilichukua uliobebeshwa. Yeremia, katika barua yake kwa mateka wa Babeli, sura ya 29, hakuishia kwenye kupanda bustani. Aliwaamuru wale matunda yake, wao wenyewe. Barua hiyo hiyo inataja miaka sabini, kwa hiyo wengi wao walijua hawataiona Yerusalemu tena. Bado waliambiwa wale. Nataka kula parachichi la mti wangu nikiwa na meno. Nikienda kabla, atakula mwingine, na akiuliza niliondokaje, natamani jibu liwe zuri.

Niliupanda mpakani, ng'ambo ya magunia ya mzee, nikauwekea majivu dhidi ya mchwa. Anadai ukikua utaizibia sukuma wiki yake jua la asubuhi. Nikamkumbusha kesi yake. Tumekubaliana kwamba matawi ya upande wake ni yake, na majani yakianguka atafagia yeye.