Je, Mtumishi wa Hoteli Akigoma Ametenda Dhambi?

Mgeni akifika kijijini jua linapozama, hakuna amwulizaye atalipa nini. Hupewa maji ya kunawa, kiti, na chakula kilichopo, hata ikiwa watoto watakula kidogo usiku ule. Desturi hii ni ya wazee, na Eklezia haikuja kuitengua. Kwa sababu hiyo watu wa vijijini hushtuka wasikiapo kwamba watumishi wa hoteli fulani mjini wameacha kazi, wakidai mshahara zaidi na mapatano ya kudumu, na wageni wameamka bila chai wala maji ya moto. Mzee husema: Mtu aliyefundishwa na mama yake kumpokea mgeni, awezaje kumwacha na njaa kwa ajili ya fedha? Na mkatekumeni ambaye binti yake hufua shuka katika nyumba ya wageni ya Butembo au ya Beni, huuliza swali lile lile kwa uchungu zaidi: Mwanangu akigoma pamoja na wenzake, je, ametenda dhambi?

Swali hili halifai kujibiwa upesi.

Kwanza yafaa kutazama nyumba ni ya nani. Kijijini anayempokea mgeni ndiye mwenye nyumba, naye hutoa kilicho chake. Hotelini kitanda ni cha tajiri, mkate ni wa tajiri, na mgeni amelipa. Kitu kimoja tu pale ni cha mtumishi, yaani nguvu za mikono yake na saa za maisha yake, tangu alfajiri anapowasha moto hata usiku anapofunga lango. Basi tajiri amkaribishaye mgeni kwa uso wa furaha, naye amemnyima mfuaji ujira wake wa miezi miwili, anamkaribisha mgeni yule kwa mali ya mfuaji. Manabii walisema maneno makali juu ya mtu ajengaye nyumba yake kwa kazi ya jirani asiyomlipa, na Sheria ya Musa iliamuru kwamba maskini apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijachwa.

Ujira wenyewe waweza kuoza mkononi. Mwaka 2018 serikali ya Kongo iliweka mshahara wa chini kabisa kuwa faranga 7,075 kwa siku. Wakati ule fedha hizo zilitosha kupata dola nne na zaidi. Mwaka 2024 zilileta dola mbili na nusu tu. Shuka za kufua hazikupungua, wala bei ya unga. Mtu aliyenyamaza miaka ile yote alipunguziwa mshahara bila mtu ye yote kumwambia neno.

Hata hivyo wengi waliogoma, hapa na kwingineko, hawakulia njaa peke yake. Walilia kwamba leo wana kazi na kesho hawajui. Neno kibarua, lililotoka pwani, maana yake ya kwanza ni barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mtu kwa kazi ya siku moja. Jua lilipozama, karatasi ile ilikuwa imekwisha nguvu. Mji wa Mombasa ulijaa watu wa namna hiyo, na mwezi wa Januari mwaka 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: watu wa bandarini na wa reli, pamoja na watumishi wa hoteli na wa majumbani. Mji ulisimama karibu wiki mbili. Baadaye serikali iliweka baraza chini ya jaji Thacker kuyachunguza mashauri yao, na mishahara ikaongezwa. Lakini Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa chama chao, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akahamishwa mbali. Na hapa Kongo mambo yalikuwa mabaya zaidi: tarehe 9 Desemba 1941, huko Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, wafanyakazi wa migodi waliokuwa wamegoma walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu wakafa. Asemaye kwamba watu hugoma kwa uvivu na ayakumbuke hayo. Mvivu hajitoi mhanga hivyo.

Kwa nini basi kazi isiyo na mapatano inauma kuliko hata mshahara mdogo? Watu wa Beni wanajua. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, hoteli za Beni, na baadaye za Butembo, zilijaa wageni waliokuja kupigana nao, mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha mwezi wa Juni 2020. Kazi zilikuwa nyingi: kupika, kufua, kufagia, kuendesha gari. Mwezi wa Septemba 2021 tume iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani ilieleza wazi kwamba wanawake wa Kongo mashariki walitakwa miili yao na baadhi ya watu waliokuja kusaidia, ili wapewe kazi au wasinyang'anywe kazi waliyo nayo. Yafaa wazazi walitafakari jambo hili kwa moyo mtulivu. Mwanamke anayeweza kufukuzwa kesho asubuhi kwa neno moja la mtu mmoja, huyo mtu anaweza kumwagiza jambo lo lote usiku wa leo. Karatasi yenye sahihi haifuti uovu wa wanadamu, lakini humpa binti mahali pa kusimama anaposema hapana. Basi adaiye mapatano ya kazi adai heshima yake pia, na mara nyingine usafi wake wa moyo.

Eklezia imesema nini? Papa Leo wa XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mtu akikubali masharti magumu kwa kulazimishwa na shida au hofu, kukubali kwake hakumfanyi tajiri kuwa mwenye haki. Mtu yule ameonewa. Papa Yohane Paulo wa II, mwaka 1981, alisema kuwa mgomo ni halali ukiwa na masharti ya haki, lakini ni njia ya mwisho, usitumiwe kwa hila za siasa, na zile huduma ambazo watu hawawezi kuishi pasipo hizo zisiachwe. Sheria ya nchi haiko mbali na hayo. Katiba ya mwaka 2006 inaikubali haki ya kugoma, nayo Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yataka kwanza pande mbili zipatanishwe. Wakishindwana ndipo kazi husimamishwa, na mgomo wa namna hiyo hauvunji mapatano.

Kwa hiyo mtumishi aliyepeleka shauri lake mara ya kwanza na ya pili, kwa adabu na kwa maandishi, asisikilizwe, ana ruhusa ya kuketi nje ya lango. Hana ruhusa ya kutia uchafu katika pipa la maji, kuvunja jenereta, wala kumficha mgonjwa aliyelala chumbani asipelekewe dawa. Mgeni hakumkosea. Afadhali amwambie jioni, kabla hajalala, kwamba kesho hakutakuwa na chai, na kwa nini.

Tajiri naye ni mtu. Tangu mauaji yalipoanza katika vijiji vya Beni mwaka 2014, kuna miezi ambayo wasafiri hupungua na vyumba hubaki vitupu, na mafuta ya jenereta hununuliwa hata wageni wakiwa wawili. Katika mwezi kama huo adaiye mshahara mara mbili adai kitu kisichokuwapo. Walakini tajiri asemaye "sina" imempasa aonyeshe daftari lake. Wafanya biashara wa Butembo wanajulikana Kongo nzima kwa kujenga mji wao wenyewe na kwa kuaminiana wao kwa wao. Imani ile na imfikie mfuaji pia.

Lililo gumu kupita yote ni hili. Tuseme watumishi wamegoma, na tajiri anakwenda kwa watu waliokimbia vita, anawaita kumi kwa nusu ya mshahara. Mwanamke mmoja aliyeacha shamba lake na kuzika mume anakwenda, kwa maana watoto wake hawajala tangu jana. Wagomaji wanamngoja langoni na fimbo. Nani mwenye kosa? Mwanamke yule hakuiba. Njaa ya watoto ilimsukuma, na akipigwa, mgomo umechafuka na haki yake yote imeharibika. Kosa kubwa ni la yule aliyeitumia shida ya maskini mmoja kumpiga maskini mwingine. Lakini mwanamke akisha kushiba, na akisha kujua amekaa mahali pa nani, naye ana swali la kujiuliza mbele ya Mungu, wala hakuna mtu wa kulijibu kwa niaba yake. Wagomaji wenye akili huacha fimbo nyumbani, hutoa kibaba cha unga katika akiba yao, humpelekea, halafu huzungumza naye. Jambo hili ni gumu sana kwa watu ambao wenyewe hawana akiba.

Kuna kifungu katika Sheria ya Kazi ambacho wengi hawakijui. Kibarua wa siku kwa siku aliyekwisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akiandikwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, sheria humhesabu kuwa ana mapatano yasiyo na mwisho. Asiyehesabu hawezi kudai. Binti anayefua Butembo na awe na daftari dogo, aandike humo kila jioni tarehe na kazi aliyofanya. Asipojua kuandika, mtoto wa shule amwandikie.