Imekufa, au Imezimia?

Yapo maneno ambayo watu huyasema upesi kwa sababu hayamgharimu msemaji kitu, na mojawapo ni neno "imekufa". Saa ikisimama, husemwa imekufa. Redio ikinyamaza, imekufa. Siku hizi, katika shule zetu za West Nile, neno hilo limehamia katika kompyuta ndogo za mitumba, zile ambazo mwalimu huzibeba katika mkoba pamoja na madaftari ya kusahihisha. Abonyezapo kitufe asubuhi, taa haiwaki, kioo ni cheusi, feni haivumi. Na yeyote asimamaye karibu hutoa hukumu papo hapo. Swali tunalotaka kuliuliza katika kurasa hizi si la ufundi peke yake. Je, ni haki kutangaza kifo cha kitu ambacho hakijachunguzwa? Na yule ajuaye, yaani fundi, anawiwa nini na yule asiyejua?

Tuanze na lugha, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno hapa. Taa huzima au huzimika, mtu huzimia. Mzizi ni ule ule. Moto uliozimika huwashwa tena, na mtu aliyezimia hupepewa, hulegezwa nguo, hunyunyiziwa maji usoni, wala hakuna amwitiaye mchimba kaburi. "Kufa" ni neno la namna nyingine, kwa sababu halina kurudi. Basi asemaye "imekufa" mahali pa kusema "imezima" amekwisha kuamua jambo kubwa, pengine bila kujua kwamba ameamua. "Imezima" yaeleza kilichoonekana na macho. "Imekufa" yaeleza kinachodhaniwa. Wanafunzi wetu wa insha tunawataka watenganishe mambo hayo mawili katika kila aya, na ni vema sisi wenyewe tuyatenganishe mezani petu.

(Chombo chenyewe, kwa kweli, bado hakijapata jina moja. Katika vitabu vya Kenya tunakuta "kipakatalishi", na Tanzania husemwa "kompyuta mpakato". Majina yote mawili yatoka katika kupakata, kama mama ampakatavyo mtoto. Arua watu husema "laptopu" na kazi ikaendelea. Sisi hapa tutasema "mashine", na msomaji atatuelewa.)

Mashine hizi hazikuja Arua zikiwa na afya kamili. Arua, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ni soko la nchi tatu. Kutoka Ariwara upande wa Kongo na kutoka Yei upande wa Sudan Kusini watu huja kuuza na kununua, na barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, hupitisha bidhaa za kila namna. Kompyuta iliyokwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi ya ng'ambo hufika hapa na uzee wake. Betri yake ya lithiamu, ambayo kwa kawaida huanza kudhoofika sana baada ya kujazwa na kutumika mara 300 hadi 500, imekwisha kula sehemu kubwa ya umri. Kisha hukutana na vumbi letu, joto letu, na umeme wetu. Kwa miaka mingi eneo hili halikuunganishwa na gridi ya taifa. Lilitegemea mitambo ya mafuta, na baadaye kituo cha maji cha Nyagak, karibu na Paidha, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilichoanza kazi mwaka 2012. Shule nyingi zilijiongezea jenereta au paneli za jua. Umeme wa jenereta iliyochoka hupanda na kushuka kama pumzi za mgonjwa, na chaja ndiyo ipokeayo mapigo hayo ya kwanza.

Tunaijua mashine moja ya shule iliyoko Koboko. Ndani yake mlikuwa na masomo ya Kiswahili ya miaka mitatu, na, lililo kubwa zaidi, alama za tathmini endelevu za kidato kizima. Wasomaji walioko Uganda wanafahamu kwamba katika mtaala mpya wa sekondari ya chini alama hizo huhesabiwa kuwa asilimia 20 ya matokeo ya mwisho. Asubuhi moja mashine haikuwaka. Ilipelekwa Arua, safari ya kilomita zipatazo 55, kwa fundi ambaye hatutamtaja. Fundi huyo aliibonyeza mara mbili, akaigeuza, akasema bodi imeungua, mashine imekufa. Lakini kwa huruma yake alikuwa tayari kuinunua kama chuma chakavu. Mwenzetu aliyeipeleka hakukubali. Hakuwa na hoja ya kiufundi. Alichokuwa nacho ni swali la mwalimu: umejuaje? Fundi hakuwa na jibu. Mwenzetu akaichukua mashine yake, akaenda kwa fundi wa pili mtaa wa pili.

Kazi ya fundi huyo wa pili yafaa tuieleze kwa utulivu, kwa sababu utaratibu wake wenyewe ni falsafa. Hakuanza ndani. Alianza nje kabisa, kwenye soketi ya ukutani, akachomeka taa ya meza kuona kama umeme upo. Kisha akafungua plagi na kutazama fyuzi, kijiti kidogo ambacho thamani yake hailingani hata na kikombe cha chai, na ambacho kikikatika hufanya mashine nzima ionekane maiti. Kisha waya, akiukunjakunja karibu na kichwa chake, ambapo nyuzi za shaba hukatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Kisha akachukua mita ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye ncha ya chaja. Mgongoni mwa chaja imeandikwa volti 19, nayo mita ikasoma 19. Basi chaja haina hatia. Taa ndogo ya chaja kuwaka haikumtosha, kwa maana taa yaweza kuwaka hali nguvu haifiki mwishoni.

Ndipo akaja kwenye mwili wa mashine. Akatikisa kidogo tundu la chaja, mahali ambapo risasi ya kulehemu hupasuka kwa sababu ya kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Halikuwa limelegea. Akachomoa chaja, akatoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa muda wa sekunde 30, ili umeme uliobaki katika viungo vya ndani umwagike. Kisha akarudisha chaja peke yake, bila betri. Feni ikavuma. Mwenzetu atuambia kwamba watu watatu waliokuwa wakingoja simu zao waligeuka kutazama. Betri mbovu ndiyo iliyokuwa ikiizuia mashine isiamke. Bodi ilikuwa nzima, na alama za kidato zilikuwa mahali pake.

Kama isingeamka, yalikuwapo mengi bado ya kuuliza. Angeweza kumulika tochi kwenye kioo kwa ubavu, kwa sababu katika mashine nyingi za zamani picha huwapo lakini taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokwisha, na mtu huita kifo kile ambacho ni giza tu. Angebonyeza kitufe cha herufi kubwa na kuona kama kijitaa chake chaitika. Angetoa vijiti vya kumbukumbu, akasugua meno yao ya shaba kwa kifutio cha penseli, akavirudisha kimoja kimoja. Angepima betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, yenye volti 3, itunzayo saa ya ndani. Mwishoni kabisa, baada ya hayo yote, ndipo angesema habari ya bodi.

Msomaji ataona kwamba mpangilio huo haukuwekwa kwa bahati. Kila hatua ni ya gharama ndogo kuliko ifuatayo, na kila hatua yaweza kurudishwa nyuma bila madhara. Anayeanza kwa kulehemu bodi kabla ya kutazama fyuzi ametumia jambo lisilorudishika mahali ambapo lingetosha jambo jepesi, na huenda akaua kwa mkono wake kile alichodai kimekufa. Kwa hiyo twaona kwamba uchunguzi wenye utaratibu una sura mbili: ni njia ya kujua, na ni namna ya heshima kwa mali ya mtu mwingine. Mwalimu aandikaye "hawezi" katika ripoti ya mtoto, kabla ya kuuliza kama mtoto huyo aiona ubaoni maandishi yaliyoandikwa, ameruka fyuzi.

Sasa tuje kwenye deni la fundi. Mteja hawezi kuona ndani. Hata akifunuliwa mashine, aona mji wa vitu vidogo asioujua njia zake. Anachonunua kwa fundi, kabla ya kipuri chochote, ni ukweli. Katika fiqhi ya Kiislamu, ambayo wengi wa Arua na Koboko waijua tangu utotoni, muuzaji ajuaye aibu ya bidhaa yake haruhusiwi kuificha, na mnunuzi aigunduaye ana khiyari ya kuirudisha. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 nayo yaweka bidhaa na huduma chini ya paa moja, kwa hiyo fundi hayuko nje ya mkono wake. Lakini sheria huja baada ya tukio. Mezani kwa fundi, kati ya bisibisi na kopo la skrubu, hakuna hakimu. Pana dhamiri yake tu, na swali la mteja.

Hata hivyo hatupendi kumwelemea fundi peke yake. Wateja wengi hukubali kulipa kipuri, hukataa kulipa uchunguzi. Fundi akitumia saa mbili akagundua kwamba tatizo ni fyuzi, mteja husema, "Kumbe ni hicho tu!" na kumpa bei ya fyuzi. Mtu anayelipwa kwa kubadilisha, asilipwe kwa kujua, atajifunza kubadilisha kisichohitaji kubadilishwa. Uongo huo una wazazi wawili. Twaonelea kwamba gharama ya kutazama ingetajwa waziwazi kabla mashine haijafunguliwa, ilipwe hata kama hakuna kilichobadilishwa, na fundi aandike katika karatasi alichopima na alichokuta. Mganga hulipwa kwa kutambua ugonjwa. Kwa nini fundi asilipwe?

Yupo atakayesema kwamba tunasema hivi kwa huruma ya vitu, na kwamba la kuvunda halina ubani. Methali hiyo ni ya kweli, ila yamtaka msemaji awe na hakika kwanza kwamba limevunda. Mashine hufa kweli. Bodi huungua hata ikaacha shimo jeusi. Maji ya mvua hupenya na kula njia za shaba. Kipuri hukosekana, au hupatikana kwa bei ipitayo mashine yenyewe. Hapo fundi mkweli atasema imekufa, naye atakuwa na haki ya neno hilo, na mkuu wa shule ambaye bado ang'ang'ania kutoa fedha za karo juu ya maiti atakuwa amekosa upande wa pili. Na betri iliyovimba isichezewe hata kidogo, wala isitobolewe. Inaweza kushika moto.

Kuna jambo moja zaidi ambalo limetushughulisha. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unahusu usafirishaji wa taka za hatari kutoka nchi moja hadi nyingine, na marekebisho yake yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yataka taka zote za umeme zisivushwe mpaka kabla nchi ipokeayo haijajulishwa na kukubali. Kwa hiyo kule zinakotoka, mashine mbovu hutangazwa kuwa nzima ili ipite kama bidhaa. Na ikifika huku, nzima hutangazwa kuwa mbovu ili inunuliwe kama chuma. Bandarini faida i katika kumwita maiti hai, na mezani kwa fundi asiye mwaminifu faida i katika kumwita hai maiti. Neno ni lile lile, nalo hugeuzwa kulingana na mfuko wa msemaji. Dawa ya pande zote mbili ni moja: nani alipima, alipima nini, mita ilisoma nini.

Nayo hata ikifa kweli, haifi yote. Diski, ambamo maandishi hukaa, mara nyingi hubaki nzima wakati bodi imeteketea. Hutolewa kwa skrubu chache, hutiwa katika kasha dogo lenye waya, ikasomwa na kompyuta nyingine yoyote. Yule fundi wa kwanza alipotaka kuinunua mashine ya Koboko kwa bei ya chuma, angeondoka pia na majina na alama za watoto wa watu. Wako mafundi Arua, tunawafahamu wawili, ambao mashine ikiwa imekwisha kabisa hutoa diski kwanza, huifunga katika karatasi na kumkabidhi mwenyewe mkononi, ndipo waanze kuzungumza bei ya mabaki.