Jiwe Laini na Taa Zake

Ufukweni Durban, kwenye meza za wauza vinyago, kuna viboko na vichwa vya watu vilivyochongwa kwa jiwe la sabuni. Ulaini wa jiwe hilo umetokana na talki. Friedrich Mohs alipopanga ugumu wa madini mwaka 1812, talki aliipa namba 1, ya chini kabisa. Ukucha tu unaikwaruza. Ikisagwa huwa poda ya kupaka watoto, na hakuna anayeitazamia makuu.

Ila kiweke kipande gizani, ukimulike kwa taa ya urujuanimno. Vipo vitakavyobaki vyeusi tii. Vipo pia vitakavyotoa mng'ao hafifu, mweupe au wa manjano. Jiwe limepokea mwanga usioonekana, likabaki na sehemu ya nguvu yake, na kilichosalia likakirudisha kwa rangi ambayo jicho linaimudu. George Stokes aliieleza tabia hiyo ya mawe mwaka 1852.

Kinachonishughulisha ni chanzo chake. Mara nyingi madini yaliyo safi kabisa hayang'ai. Anayeyawasha ni mgeni: chembe chache za manganisi, kwa mfano, zilizoingia jiwe lilipokuwa likiumbika. Na wageni nao hawafanani, maana chuma kikizidi huuzima mng'ao. Sisi tunaopenda kusifu usafi, wa damu au wa lugha, tuna la kujiuliza hapo.

Basi mng'ao ni wa jiwe au wa taa? Kwa maoni yangu, hakuna anayeumiliki peke yake. Taa ya mawimbi mafupi, ya nanomita 254, yaweza kukiamsha kipande ambacho ile ya nanomita 365 imekiacha kimelala. Mwenye taa moja akitangaza kwamba jiwe halina kitu, ametueleza habari za taa yake.

Durban imewahi kutawaliwa na wenye taa moja. Kuanzia 1873, watumwa waliokombolewa na Waingereza, wengi wao Wamakua, waliletwa hapa kutoka Zanzibar. Wakaitwa Wazanzibari, wakakaa Kings Rest, upande wa Bluff, na Uislamu wao na Kimakua chao. Baadaye utawala wa ubaguzi wa rangi ulitaka kila mtu awe na fungu moja la rangi. Waafrika hawa Waislamu wakawasumbua makarani, na mwishowe wakaandikwa kuwa Waasia wa aina nyingine. Watu walikuwa walewale. Daftari ndilo lililobadilika.

Hapa lakini mfano wa jiwe unaishiwa nguvu. Jiwe halina neno kuhusu taa inayolimulika, na Wazanzibari walijijua ni nani kabla ya karani yeyote kushika kalamu. Miaka ya 1960 walihamishwa kwenda Chatsworth, eneo lililotengewa Wahindi, na vizazi vyao vipo huko mpaka leo.