Kuamini kwa Niaba ya Wengine

Mwalimu wa maabara ya kompyuta hupakua faili moja ya ISO, husimika mfumo endeshi kwenye mashine pepe moja, kisha huigeuza kiolezo. Wanafunzi 30 hupata nakala zao humo. Je, faili hiyo aiamini kwa sababu gani?

Wengi tutajibu: imetoka tovuti rasmi. Lakini tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi walibadili viungo kwenye tovuti rasmi ya Linux Mint, na baadhi ya watu wakapakua ISO iliyopachikwa mlango wa siri. Anayeweza kubadili kiungo anaweza kubadili pia ule mfuatano wa SHA-256 unaoandikwa kando yake ili tuhakiki faili. Ndiyo maana ipo saini ya kidijitali, ambayo ufunguo wake wa siri hautakiwi kukaa kwenye seva ileile.

Hata saini haimalizi shaka. Inatuambia nani ametia sahihi, haituambii kama ni mwema. Mwaka 1984 Ken Thompson alionyesha kwamba hata kusoma programu yote mstari kwa mstari hakutoshi, kwa kuwa hila yaweza kujificha ndani ya chombo kilichoitafsiri.

Basi tuache kuhakiki? Anayepakua kwa matumizi yake anahatarisha mali yake, na ana haki hiyo. Mtengeneza kiolezo anahatarisha mali ya watu ambao hawakuulizwa, na ambao hawatahakiki chochote kwa kuwa wanamwamini yeye. Hawezi kuwapa uhakika kamili. Dakika chache za kukagua saini anaweza, na hizo ni deni lake kwao.